Mwanamke Aliyepiga Utani Marufuku

Korotumu Kulibali anauza bajia za kunde. Kwa mtu wa ukoo mwingine hiyo ingekuwa kazi kama kazi nyingine, ya kuloweka, kusaga na kukaanga. Kwa Mkulibali ni kujitafutia maneno, maana tangu Segu, mji wetu huu wa Mali, iwe Segu, Wakulibali ndio wanaotaniwa kwamba wanakula kunde mpaka matumbo yanapiga tarumbeta. Kila anayeinama kwenye karai lake ana lake la kusema. "Umetubakishia, au umeshakula zote?" "Hiyo ya mwisho nipe mimi, wewe utapasuka." Mimi mwenyewe ni Mkeita, fundi wa kushona, na baraza langu linatazamana na karai lake. Sikumbuki kununua bajia kwa Korotumu bila kumwuliza kama paa la nyumba yake bado liko mahali pake.

Naye hakubali kushindwa. "Keita, babu zako walikuwa wafalme, wewe unatia viraka suruali za watu. Chukua bajia uondoke, usinifukuzie wateja."

Ndivyo tunavyosalimiana, na siku huanza vizuri. Mtani wangu akinisalimia kwa adabu, chakula hakishuki. Najua kuna jambo.

Korotumu ana watoto watatu aliozaa na Moriba Traore, dereva wa lori, mtu anayeonekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Watoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo wawili wakubwa, wakishashiba uji, humgeukia mama yao: "Haya, Mkulibali, kunde zako zinakuita." Huwarushia mwiko, wakakimbia wakicheka. Wa tatu ni Sitan, na Sitan hakuwahi kumtania mama yake. Sitan alikuwa hatoi neno lisilo na kazi. Alisema "maji" akitaka maji, "kelele" pakiwa na kelele, akanyamaza. Alikuwa na miaka tisa.

Korotumu hakulisema jambo hilo mbele za watu. Mimi aliniambia siku moja akichambua kunde, bila kuinua macho. "Wenzake wananitukana vizuri tu. Huyu ananitazama kama mteja aliyekuja kununua bajia. Nikifa mimi, nani atakaa apige naye soga?"

Nikamwambia kitakachomwua ni kunde tu.

Sasa, kwenye kona ya kuelekea shule kuna bucha la Seriba Jara, bonge la mtu mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe mnadani. Wajara na Watraore ni watani wa kufa na kuzikana. Kila asubuhi ya shule Sitan alipopita na mkoba wake, Seriba alipiga kisu kwenye gogo, akakohoa, akanguruma:

"Simama hapo, Traore, mtumwa wangu! Nani kakupa ruhusa ya kutembea? Haya, pita, lakini Ijumaa uje unifulie nguo!"

Maneno yale yale, asubuhi zote. Sitan alisimama, akatazama miguu yake, akasikiliza mpaka neno la mwisho, akaenda zake. Sisi tuliokuwa tukitazama tukasema maskini, mtoto anaogopa.

Basi Ijumaa moja akaenda kufua.

Seriba alikuwa bucha, mkewe yuko msibani. Sitan aliingia uani kwao, akakusanya kila kilichoning'inia na kila kilichokuwa kapuni, akavitia vyote kwenye pipa moja na kuvisugua kwa bidii. Kilichoning'inia ni joho jeupe la Ijumaa, lenye tarizi kifuani, nililolishona kwa mikono yangu. Kilichokuwa kapuni ni aproni za bucha. Seriba alipofika kuoga aende msikitini, alikuta joho lake kambani, limekuwa la waridi kama ulimi wa ndama.

"Nani amekuambia ufue?" akapiga kelele.

"Wewe," Sitan akasema.

Seriba akalianua. Hana joho jingine. Alikwenda kuswali nalo hivyo hivyo, na nasikia imamu alimtazama mara mbili.

Mtaa mzima ulicheka, isipokuwa Korotumu. Mwalimu wa darasa alikuwa ameshamwita kumwambia kwamba kengele ikilia Sitan anaingia chini ya dawati, na akiulizwa swali anahesabu vidole. Mama mkwe alikuwa ameshataja jini, tena kwa jina. Korotumu akamfunga Sitan kitambaa kichwani, wakapanda basi kwenda Bamako.

Daktari Maiga ni mwanamke mwembamba asiye na haraka. Alivua viatu, akakaa sakafuni na Sitan siku nzima, wakipanga vizibo vya soda kwa rangi. Kisha akamwita mama akamwambia: mtoto ana usonji. Si jini, si laana, si maziwa yako, wala si kosa lako. Alizaliwa hivyo, na atakua hivyo, lakini atakua. Akampa mambo mawili ya kushika. La kwanza, mwambieni mambo wazi, maana yeye hulichukua neno kama lilivyo. La pili, mpangilio wa siku yake msiuvuruge.

La kwanza Korotumu alilisikia. La pili lilimpita, maana wakati huo alikuwa anapenga kamasi.

Akarudi Segu na la kwanza. Hebu fikirieni, mwanamke ambaye tangu aolewe hajasema sentensi tatu zilizonyooka ameambiwa na daktari aseme wazi. Asubuhi ya kwanza kabla hajawasha moto alikwenda moja kwa moja bucha.

"Seriba, kuanzia leo usimwite mwanangu mtumwa. Msalimie kama mtoto wa watu."

Seriba akaangua kicheko. "Mla kunde kala nini huko Bamako?"

"Sitanii."

"Hutanii vipi?"

"Sitanii, nakuambia. Mzaha mzaha hutunga usaha. Mtoto haelewi mzaha, ana usonji, daktari kasema. Na mimi mwenyewe mbele yake niite Mama Sitan."

Kisu kilibaki hewani. Seriba aliniambia baadaye kwamba tangu azaliwe hakuwahi kutukanwa namna ile.

Nami zamu yangu ikafika. "Na wewe Keita, vivyo hivyo." Nikanunua bajia, nikasema, "Asante, Mama Sitan, Mungu akubariki." Akasema, "Amina, fundi." Wallahi bajia zile hazikuwa na chumvi.

Kwetu watani wakiacha kutaniana, maana yake wako njiani kwenda kupigana. Habari ikatembea. Wazee wawili wa ukoo wa Jara wakaja kuuliza kwa upole nani kamkosea nani. Wakulibali wa ng'ambo ya soko wakaleta mtu wa kusuluhisha, akasuluhisha jioni nzima bila kujua ugomvi ni upi. Moriba akapiga simu kutoka mpakani, lori linanguruma nyuma yake: "Nasikia tumevunja utani na Wajara. Ni shamba au ni mwanamke?"

"Ni mwanao," Korotumu akasema, "na ukirudi usiniletee mzaha."

Siku ile Sitan hakwenda shule, alikuwa na uchovu wa basi. Asubuhi iliyofuata Seriba alijiandaa. Aproni safi, mkono kifuani. Sitan akaja na mkoba wake, akasimama pale pale anaposimama siku zote.

"Umeamkaje, binti yangu?" Seriba akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukujua anayo. "Umeamka salama?"

Sitan akangoja.

"Mama hajambo? Ndugu zako hawajambo?"

Akangoja.

Seriba akatutazama, akaona labda salamu bado ni chache. "Na mbuzi wenu, wameamka salama?"

Hapo Sitan akakaa chini katikati ya barabara, akaziba masikio, akapiga ukelele wa kupasua anga. Pikipiki zikasimama huku na huku. Mkokoteni wa punda ukageuzwa. Korotumu akaja mbio, mikono ina unga wa kunde, akambeba mtoto mzima mzima hadi nyumbani, na shule ikawa basi.

Kesho yake yale yale. Seriba, kwa kuhangaika, alizidisha adabu. Akamwombea dua. Siku nyingine akamletea kipande cha ini kilichochomwa, kwenye karatasi. Kadiri alivyozidi kuwa mwema, ndivyo mtoto alivyozidi kulia. "Mimi nimfanyeje huyu?" akaniuliza, jasho linamtoka. "Nimekuwa mstaarabu mpaka mke wangu ananiogopa."

Wiki nzima ikapita hivyo. Shule ilikuwa na mwalimu mkuu mpya, amehamishiwa kwetu mwezi ule, naye akatuma ujumbe: madarasa yamejaa, asiyehudhuria nafasi yake hupewa mwingine, Jumatatu mzazi aje na mtoto.

Korotumu alikuja akakaa kwenye kiti changu cha wateja. Sijawahi kumwona vile. "Wakimtoa shule, atabaki na mimi tu na karai," alisema. "Nimefanya kila alichosema daktari, Keita. Nimenyamazisha mji mzima. Mbona ananizidia?" Akalia, na mimi nikatafuta sindano chini ya meza, haikuwa imepotea.

Kesho yake Sitan alipokaa tena barabarani, mama yake hakumbeba. Alikumbuka daktari alivyovua viatu akakaa sakafuni. Naye akavua ndala, akakaa vumbini kando ya mtoto, pikipiki zikiwapigia honi. Akakaa tu, mpaka mayowe yakapungua yakawa kwikwi.

"Kitu gani, Sitan?"

Sitan akachora vumbi kwa kidole.

"Nani kakukosea?"

"Hajasema," Sitan akasema.

"Hajasema nini?"

Sitan akakohoa. Kisha, kwa sauti nzito ya Seriba, na ule mkwaruzo wake wa kooni, akatamka: "Simama hapo, Traore, mtumwa wangu! Nani kakupa ruhusa ya kutembea? Haya, pita, lakini Ijumaa uje unifulie nguo." Akaashiria barabara ya shule. "Hajasema pita."

Tulicheka sote, kisha tukaacha. Kumbe hakuwa akiogopa. Kwake yale yalikuwa mlango wa asubuhi, na sisi kwa wema wetu tulikuwa tumeufunga, tukampa mtoto habari za mbuzi. Na Korotumu palepale vumbini akalikumbuka la pili la daktari, lile lililompita akipenga kamasi. Akajipiga paji la uso mpaka likaacha alama ya unga.

Kwetu ombi zito halipelekwi mikono mitupu. Mchana ule Korotumu alivaa kitenge chake cha arusi, akafunga kola, zile kokwa chungu za kutafuna, kwenye majani, akaenda bucha, akapiga goti. Mimi nikaacha cherehani nikamfuata. Nani angekaa nyumbani?

"Nimekuja kukuomba, Seriba."

"Karibu, mama mheshimiwa," Seriba akasema, anafuta kisu polepole.

"Achana na uheshimiwa! Nimekuja kukuomba umtukane mwanangu."

"Astaghfirullahi. Mtoto wa watu? Kwa kosa gani?"

"Seriba, usinitese."

"Mimi sasa ni mtu wa adabu, Mama Sitan. Matusi nimeacha. Uliza mtaa."

"Jara, mwizi wa maini, ng'ombe akichinjwa kwako anafika nyumbani hana tumbo! Unamtukana mwanangu au humtukani?"

Uso wa Seriba ulifunguka kama dirisha. "Aaah! Umerudi, mla kunde! Nilidhani umekufa, nikawa nauliza nani atatuchafulia hewa." Akazipokea kola kwa mikono miwili, na nikaona macho yamemlowa, jitu zima. Lakini akainua kidole. "Ila joho langu sitoi tena. Mtoto lazima ajue ni mchezo."

"Joho lako lilikuwa baya tangu liliposhonwa."

Hilo nililisikia, na sijalisahau.

Basi tukamkalisha Sitan barazani kwangu, tumfundishe utani ni nini. Ninyi jaribuni siku moja kumweleza mtu utani ni nini, muone.

"Seriba akisema wewe ni mtumwa wake," mama yake akaanza, "si kweli."

"Anasema uongo," Sitan akasema.

"Si uongo. Ni mchezo."

"Kwa nini anasema kitu kisicho kweli?"

"Ili tucheke," Seriba akasema.

"Kwa nini mnacheka kitu kisicho kweli?"

Seriba akanitazama. Nikatazama cherehani. "Babu zetu waliahidiana," akasema mwishowe. "Mababu wa Jara na wa Traore. Walisema watoto wao watataniana, wasipigane kamwe."

"Wako wapi?"

"Wamekufa."

"Basi hawasikii."

Tukajaribu tena na tena mpaka chai ikapoa. Aliyepata njia ni Korotumu. Alimwambia wazi, kama daktari alivyotaka: "Utani ni sheria, Sitan. Unamwuliza mtu ukoo wake. Akiwa mtani wako, unamwambia tusi la ukoo ule, hilo hilo tu. Si kweli, na hakuna anayefua nguo. Akisikia, anacheka. Basi."

"Anacheka," Sitan akarudia. Sheria alizipenda tangu zamani. Akataka kuambiwa kila ukoo na tusi lake, na hapo mtaa mzima tukawa walimu.

Asubuhi iliyofuata watu walijipanga barabarani kama wanangoja gavana. Seriba akapiga kisu kwenye gogo, na kwa woga akasahau kukohoa. Sitan akangoja. "Kohoa!" nikamnong'oneza. Akakohoa, akanguruma yote mpaka Ijumaa na nguo. Sitan akasikiliza neno la mwisho, akatazama miguu yake.

"Sifui," akasema, akaenda shule.

Tulipiga makofi yeye akiwa ameshafika mbali, na vizuri, maana makofi hayapendi.

Ikabaki Jumatatu. Mama na mtoto wakaenda kwa mwalimu mkuu, na Seriba akawafuata, maana mtani ndiye mtu wa kukuombea mahali pagumu, tena akavaa lile joho la waridi, hana jingine. Mimi nilibeba mkoba. Njiani Korotumu alimwandaa mtoto: usizibe masikio, usihesabu vidole, jibu unachoulizwa. Kuna kimoja alisahau kumkataza.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mrefu, mkavu, miwani imekaa mwisho wa pua. Hakucheka, hakutukaribisha maji. Korotumu akaeleza usonji, akaeleza mambo mawili ya daktari, yote mawili safari hii. Yule bwana akasikiliza, akasema darasa lina watoto wengi, mwalimu ni mmoja, na ameambiwa mtoto huyu hawezi kuongea na watu. Kisha akainama mezani.

"Jina lako nani?"

"Sitan Traore. Ukoo?"

"Ati nini?"

"Ukoo?"

Korotumu akafumba macho. Mwalimu mkuu akapandisha miwani. "Kulibali," akasema.

"Kulibali mla kunde," Sitan akasema.

Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na wewe, Traore," akasema taratibu, "si mtumwa wa Wajara wewe?"

"Wa huyu hapa," Sitan akamwonyesha Seriba. "Lakini si kweli. Ni mchezo. Sasa unacheka."

Akacheka. Tena si kicheko cha ofisini. Aliinama, akashika meza, mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Alipopata pumzi alijifuta macho. "Tangu nije mji huu," akasema, "walimu wananiita mheshimiwa, watoto wananikimbia, hakuna hata mmoja aliyenitania. Nimekuwa nikimwambia mke wangu kwa simu, hawa watu hawanitaki." Akamgeukia Korotumu. "Huyu abaki. Akae karibu na mlango, na kabla ya kengele mtu amwambie. Na asubuhi apite kwangu anitukane."

Korotumu akainama kushukuru. Sitan alikuwa amesimama palepale, midomo inacheza, anapanga kitu kichwani.

"Mama," akasema.

"Naam."

"Ukoo?"

"Unaujua, mwanangu."

"Ukoo?"

"Kulibali," Korotumu akasema.

Sitan akamtazama usoni, kitu ambacho hakifanyi. Miaka tisa mama yake alikuwa akingoja neno moja lisilo la maji wala la kelele.

"Mla kunde," Sitan akasema.

Korotumu akaketi kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa. Akafunika uso kwa ncha ya kitenge, mabega yakaanza kutikisika.

Sitan akangoja. Kisha akamkumbusha: "Unatakiwa ucheke."

"Nacheka, mwanangu. Huoni nacheka?"

Sitan akakisogeza kile kitenge kwa kidole, akachungulia vizuri.

"Hapana," akasema.

Hapo Korotumu akacheka kweli.